Kifurushi Kikiisha

Kwetu Pemba king'amuzi hakina shughuli ya kukatwa. Huandiki barua, huendi ofisini kujaza fomu, hakuna wa kukubembeleza ubaki. Siku ya kifurushi ikifika chaneli zinajifunga, kiooni yanabaki maandishi ya kukutaka ulipie, na ujumbe wa kukukumbusha unaingia kwenye simu. Ukitaka unalipa, usipotaka unakaa kimya. Nasikia katika nchi za wenzetu mtu akiichoka televisheni ya kulipia huwa na siku yake ya kuvunja mkataba, na baada ya hapo ameshaamua, amemaliza. Sisi wa kulipa kabla hatuna siku hiyo. Kila mwezi tunaulizwa upya, na kila mwezi mimi nalikuta jibu la mwezi uliopita halinifai tena.

Ule waya wa televisheni unaopita nyumba kwa nyumba katika miji mikubwa, mtaani kwetu haupo. Waya pekee unaoileta picha ukumbini ni wa umeme, uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga na kuwashwa mwaka 2010. Kabla yake tulikuwa na umeme wa majenereta ya dizeli, na mwenye televisheni alikuwa akiangalia saa zaidi kuliko picha. Baadaye madishi yakaota kila pembe. Letu fundi alilisimamisha uani juu ya bomba la chuma, akalielekeza magharibi, juu ya minazi, upande huo huo ulikotoka umeme, akawa analisukuma kwa ncha ya kidole huku kijana wangu amesimama mlangoni akimpigia kelele: "Imekuja! Imekwenda! Hapo, hapo hapo!" Likisogea kidogo tu picha inapotea, kwa kuwa setilaiti inayotafutwa iko juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Fundi alipokaza boliti ya mwisho aliniusia nisimruhusu mtu kufunga kamba ya nguo kwenye lile bomba. Usia huo haukufika Ijumaa. Siku za kusi, kanga zikijaa upepo, Uturuki yote ya kwenye tamthilia inapotea.

Nilipotaka tuache kulipia nilianza na hesabu, kwa sababu hesabu haina ugomvi. Mimi ni mwalimu wa skuli, na mshahara wa mwalimu huwa umeshagawiwa kabla haujafika. Kifurushi chetu ni shilingi elfu ishirini na kitu kwa mwezi. Ukizidisha kwa mwaka unakaribia laki tatu, na laki tatu katika nyumba yetu ni mchele, ni umeme wa Tukuza, ni viatu vya skuli. Nikaiandika hesabu hiyo nyuma ya daftari la maandalio ya masomo, kwa kalamu nyekundu, nikamwonesha mke wangu. Akaisoma taratibu mpaka chini.

"Na kahawa ya barazani, Mwalimu, umeiweka wapi?"

Sikuwa nimeiweka.

Nikaiacha hesabu, nikashika masomo. Binti yangu alikuwa anakaribia mtihani wa kidato cha nne na kila usiku nilimkuta ana kitabu mapajani na macho kwenye tamthilia. Nikasema nyumba yenye mtihani haihitaji tamthilia. Maneno mazuri, na niliyasema kwa sauti ya mwalimu. Lakini mwezi ulipomalizika kulikuwa na mechi ya ligi niliyoitaka mimi, nikalipa, nikajiambia nitaliangalia suala hili mwezi ujao. Mtihani ukapita. Binti akafaulu vizuri tu, na katika tamthilia yake hakukosa hata kipande kimoja.

Ikaja Ramadhani, nikapata sababu ya tatu, nzito kuliko zote. Huu ni mwezi wa ibada, nikasema, tuufunge na masikio. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, hakubisha. Aliuliza neno moja tu: "Na Makka?" Mama hajajaaliwa kwenda Hijja. Miaka yote hii, baada ya kusali Isha na Tarawehe yake, hukaa kwenye kiti cha kamba na kuiangalia Tarawehe ya Masjid al-Haram, na anaijua sehemu ile kwa nguzo zake; husema "leo wamejaa mpaka upande ule" kama mtu anayezungumzia Tibirinzi ya hapa Pemba. Nilipomuuliza fundi, akanambia chaneli ya Makka inarushwa bure, inataka king'amuzi kidogo cha bure na dishi lake basi. Kwa hivyo Makka haikuwa sababu ya kulipa. Lakini pia, nilipofikiri vizuri, ibada haikuwa sababu ya kutolipa, kwa kuwa aliyekuwa akiisali Tarawehe kwa ukamilifu katika nyumba ile alikuwa mama, na aliyekuwa akiondoka msikitini baada ya rakaa nane ili awahi kahawa alikuwa mtoa fatwa.

Hapo nikaanza kuzishuku sababu zangu. Zilikuwa zinabadilika kila mwezi, hukumu imebaki ile ile. Mwanafunzi akiniletea kazi ya namna hiyo, jibu limeandikwa mapema na njia inatafutwa baadaye, huwa namuuliza amenakili kwa nani.

Nilijifariji kwamba swali hili limewahi kuwashughulisha wakubwa. Tanzania Bara, chini ya Mwalimu Nyerere, ilikaa miaka yote ile bila ya televisheni. Ilionekana ni anasa kwa nchi yenye mambo ya lazima zaidi, na ilifika mwaka 1994 ndipo vituo kama ITV vikaanza kurusha matangazo. Huku Zanzibar TVZ ilikuwa hewani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, pale ambapo nchi nyingi tajiri zilikuwa na nyumba tele zinazoangalia nyeusi na nyeupe. Na wazee wetu wanaikumbuka miaka hiyo pia kwa mchele na sukari ya mgao. Serikali mbili za Muungano mmoja, moja imesema tusubiri, nyengine imesema tuione dunia na rangi zake, na karafuu za Pemba ndizo zilizokuwa zikiilisha hazina ya huyo aliyesema tuione.

Nilipokuwa kijana niliamini Mwalimu alikuwa na hoja bora. Anasa ni anasa. Siku hizi nasita kidogo. Bara ilikuwa na redio, na redio ilikuwa ikimfikisha yeye na sauti yake mpaka kijiji cha mwisho. Pengine mtu ambaye sauti yake inasikilizwa nchi nzima jioni haoni upesi haja ya chombo chengine cha kusema. Silisemi hili kwa kumshutumu. Nalisema kwa sababu lilinirudia mwenyewe baadaye. Wala waliotuletea rangi hawakututangulizia swali. Aliyezuia na aliyeleta, wote walijua watu wanahitaji nini, na wote hawakuuliza.

Kilichonisogeza mbele ni msimu wa karafuu. Kwa asiyewahi kuishi nazo, karafuu huchumwa na mashada yake, na jioni hiyo hiyo inapaswa ichambuliwe, maana ikilala ndani ya gunia inapata moto na kuharibika. Unalishika shada, unalisokota kwenye kiganja, karafuu zinaanguka upande wako na makonyo unayatupa upande wa pili. Makonyo nayo si taka, hununuliwa na kupelekwa kiwandani Wawi kutolewa mafuta. Vidole vinakolea utomvu, harufu inapanda mpaka kwenye macho, lakini kazi yenyewe haitaki macho. Mikono ikishazoea inakwenda peke yake, na hapo ndipo zamani mazungumzo yalipokuwa yakipita.

Utotoni mwangu tulichambua kwa mwanga wa karabai, na mzungumzaji alikuwa marehemu baba. Alikuwa na safari zake za dago, alikuwa na visa vya watu wa Tanga, na alikuwa na kisa cha ng'ombe wa mchezo, ule wa kwetu wa kumchezesha ng'ombe mbele ya watu, aliyevunja uzio Kengeja akawatawanya watu mpaka vichochoroni. Visa hivyo tulivijua vyote. Tulichokuwa tukikisubiri ni pale anapokosea, mmoja wetu amsahihishe, naye ajifanye amekasirika.

Msimu huu jamvi lilitandikwa ukumbini mbele ya televisheni. Alikuwepo mama, mke wangu, watoto wetu na mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto akabaki. Mikono inakwenda, nyuso zote zimeelekea Istanbul, ambako watu wenye nyumba kubwa kubwa wanagombana kwa Kiswahili. Nikaona usiku ni mzuri, nikakianza kisa cha ng'ombe wa Kengeja. Nilifika kwenye uzio.

"Baba, samahani," akasema binti yangu, kwa adabu yote, wala hakunitazama. "Subiri kidogo, sasa hivi wataweka matangazo."

Nikasubiri matangazo. Yalipokuja nilikuwa na muda wa kusimulia kwa haraka kisa ambacho baba alikuwa akikivuta mpaka karabai inaanza kupungua mwanga. Niliruka safari, niliruka waliokuwepo, nikamfikisha ng'ombe kichochoroni, na Istanbul ikarudi. Nikanyamaza. Hakuna aliyeuliza ng'ombe alikamatwa vipi.

Usiku ule ndipo lilipokuja wazo ambalo sikulipenda, kwamba kilichokuwa kikinisukuma mwezi hadi mwezi hakikuwa pesa, wala mtihani, wala Ramadhani. Kilikuwa wivu. Nilikuwa nimengoja miaka mingi nikae mahali pa baba jamvini, na nilipofika nikapakuta pana mtu. Hata hivyo siwezi kuapa kuwa ndiyo ukweli wote. Kujishutumu nako kuna utamu wake. Mtu huweza kukubali aibu ndogo haraka haraka ili asiendelee kuchimba. Na pesa, baada ya yote, ni pesa kweli. Laki tatu hazikugeuka kuwa wivu kwa sababu tu mimi nina wivu.

Na kila nilipotaka kuihukumu televisheni, ilikuwa inanijia siku ya fainali ya Kombe la Mapinduzi. Mashindano yale huchezwa Unguja kwa kawaida, lakini ya mwaka 2025 yaliletwa kwetu, Uwanja wa Gombani, na Januari 13 Zanzibar Heroes wakaingia fainali na Burkina Faso. Nyumba yetu haiko mbali na Gombani. Kijana wangu alikwenda uwanjani tangu mchana. Mimi niliogopa msongamano, nikabaki na kina mama. Basi tukawa tunaangalia kwenye kioo mpira unaochezwa nyuma ya migomba yetu. Picha ilikuwa inachelewa, kwa kuwa lazima ipande mpaka mbinguni huko, ishuke, ipikwe kwenye mitambo, ipande tena, ndiyo ije uani kwetu. Kelele zilikuja kwa mguu. Ghafla Gombani ikanguruma, dirisha likatikisika, na kwenye kioo mchezaji wetu bado yuko katikati ya uwanja hana habari.

"Wamefunga," akasema mama.

Tukatazamana. Sekunde zile chache, bao tunalo lakini hatujaliona, hakuna aliyekuwa anaangalia televisheni. Tulikuwa tunaangaliana sisi kwa sisi, mke wangu ameziba mdomo kwa kanga, binti amenishika mkono, mama anacheka peke yake kwa kuwa yeye ndiye aliyesema mwanzo. Kisha bao likaja na kwenye kioo, tukalishangilia mara ya pili kama wageni. Tulishinda 2-1. Katika jioni zote ninazozikumbuka za nyumba yetu ya sasa, sina nyengine iliyotukusanya namna ile, na king'amuzi kilikuwa kimelipiwa.

Karafuu zilipokwisha niliacha kulipa. Sikutangaza kitu, sikutoa fatwa; niliuona ujumbe kwenye simu nikaufuta. Jioni ya kwanza kijana wangu alilitazama lile tangazo la kulipia kwenye kioo, akavaa viatu, akaenda kibanda umiza kuangalia mpira kwa shilingi zake za mfukoni. Binti akaingia kwenye simu, spika masikioni. Nilikuwa nimewahi kusikia watu wakisema televisheni imeua mazungumzo ya majumbani, na mimi mwenyewe nimewahi kulisema hilo mbele ya wazazi katika mkutano wa skuli. Sasa ilikuwa imezimwa, na wale waliokuwa wameketi pamoja wakitazama upande mmoja wametawanyika kila mmoja na kioo chake. Tulibaki watu wazima watatu.

Nikakileta kisa cha ng'ombe. Safari hii nilikuwa na usiku mzima.

"Si Kengeja, mwanangu," mama akanikatiza hata sijafika kwenye uzio. "Pujini. Na baba yako hakuwepo. Alisimuliwa na mimi."

Kumbe siku ile mama alikuwepo, msichana mdogo, amekwenda na shangazi zake kuuangalia mchezo. Akaanza kukisimulia yeye, na ng'ombe karibu hakuwemo. Alikuwemo shangazi mmoja aliyekwenda pale kwa sababu ya kijana wa mtaa wa pili, na uzio ulipovunjika na watu kutawanyika, wao wawili walikimbilia kichochoro kimoja, na maneno yaliyokuja baadaye, na posa iliyokataliwa, na mashua ya kwenda Tanga. Mke wangu alikuwa akiuliza maswali ambayo mimi nisingejua kuyauliza. Binti alitoa spika moja sikioni. Baba alikuwa amekichukua kisa cha mkewe, akamwacha ng'ombe, akatoa kila kilichobaki, na sisi tulikua tukikisahihisha bila ya kujua aliyekuwa na haki ya kukisahihisha yuko jikoni.

Nilikuwa nimepigania mahali ambapo hata baba alikuwa amekaa kwa kuazima. Sijui nilifanyie nini jambo hilo. Siku kadhaa nilitaka liwe ni ushindi wa kuzima televisheni, kwamba isingezimwa nisingelisikia. Lakini mama ameishi nasi miaka, na zimepita jioni nyingi za umeme kukatika, giza tupu na sote tumekaa, na sikuwahi kumuuliza. Kwa nini nisiseme kwamba kilichokuwa kimewashwa siku zote ni mimi?

Kijana naye akawa anarudi usiku mkubwa, nguo zinanuka moshi wa sigara za watu, kwa kuwa ligi za Ulaya haziangalii saa za Pemba. Mama yake hakulipenda hilo, na mimi sikulipenda, ila mimi nilikuwa sina uso wa kulisema. Halafu jioni moja nimetoka msikitini nikaisikia Istanbul kutoka njiani. Mke wangu alikuwa amelipa kwa simu, pesa za gawio la kikundi chao cha hisa. Hakunambia kitu wala sikumuuliza. Kijana alikuwepo nyumbani, amelala chini kifudifudi, anasubiri wenzake wamalize tamthilia ili aingie yeye na mpira.

Hapo ndipo tulipo. Pesa za mwezi huu nimeziweka kwenye lile daftari la maandalio, kwenye ukurasa wa hesabu yangu ya wino mwekundu. Nikimrudishia mke wangu, itakuwa kama nimesema televisheni ni yangu na uamuzi ni wangu, na yeye alinisaidia tu kushika. Nisipomrudishia, nimemwachia mzigo usio wake, maana kwa desturi yetu, na kwa dini yetu, matumizi ya nyumba ni juu ya mume. Ingawa kama Istanbul ni matumizi ya nyumba au ni ya mwenye kuitaka, hilo hata mashekhe sidhani watakubaliana. Jana baada ya Isha nilikwenda kukaa pembeni ya kiti cha mama nikamuuliza, mama, mtu hapa afanye nini.

Akaninyooshea kiganja bila ya kugeuka, akanambia nisubiri matangazo.